Kitabu Kilichokunyima Usingizi: Maswali Yenu, Majibu Yetu

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu kitabu cha watoto cha kutisha kilichosomwa utotoni kwa moyo kudunda, ambacho msomaji, sasa akiwa mtu mzima, anakitaka tena mkononi. Barua tumezifupisha na majina ya walioziandika tumeyaacha. Majibu ni ya dawati la vitabu.

Nyumba iliyopumua

*Wahariri, salaam. Nilipokuwa na miaka minane au tisa nilisoma kitabu chenye nyumba iliyokuwa ikipumua usiku. Jina silikumbuki, mwandishi simjui. Nimeandika "nyumba inayopumua" mtandaoni kwa kila namna, sijapata kitu. Nianzie wapi?*

Funga mtandao kwanza, uchukue karatasi. Kila jalada utakaloliona leo huingia kichwani na kujifanya la zamani. Ukishapitia picha hamsini, hutaweza tena kutenganisha unachokumbuka na ulichokiona dakika tano zilizopita. Igawe karatasi pande mbili, mmoja "nina hakika", wa pili "nadhani". Kisha jaza yale ambayo watu huyadharau: lugha ya kitabu, ukubwa wake (kilienea kiganjani au kililazwa mapajani?), jalada gumu au laini, picha za rangi au za wino mweusi, hadithi moja ndefu au mkusanyiko, nambari mgongoni inayoonyesha ni cha mfululizo, na mwaka ulipokisoma. Mwaka huo ndio ukuta wako wa mbele, kwa sababu kitabu hakiwezi kuwa kimetoka baada yake. Nyuma acha wazi miaka thelathini hivi. Vitabu vya watoto hukaa rafuni mpaka vichanike, na kosa linalowapoteza watafutaji wengi ni kudhani kuwa kitabu kilikuwa kipya siku walipokisoma.

Nyumba inayopumua iandike upande wa "nadhani". Hatusemi kwamba unatudanganya. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alichapisha majaribio ambamo aliwapa watu hadithi ya mizuka ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waiandike upya baada ya muda. Mtumbwi ukageuka mashua. Mambo yasiyoeleweka yakanyooshwa au yakaachwa, na kwa baadhi yao hata mizuka yenyewe ikatoweka. Kwako huenda kitabu kilisema tu kwamba pazia lilivutwa ndani na kusukumwa nje, na miaka ikaifanya nyumba nzima ipumue. Kwa hiyo usitafute kwa sentensi uliyonayo kichwani, kwani huenda haimo kitabuni.

Katalogi ya maktaba haijui picha iliyokutisha, lakini inajua mada. Katalogi kubwa, pamoja na WorldCat inayounganisha maktaba za nchi nyingi, hutumia vichwa vya mada vilivyosanifiwa, mara nyingi kwa Kiingereza. Kwa kitabu chako kichwa ni "Haunted houses" (nyumba zenye mizuka), na hadithi za watoto huongezewa "Juvenile fiction". Andika hivyo hivyo, chagua lugha, kisha bana miaka mitano mitano badala ya kumwaga miaka thelathini kwa mkupuo. Soma muhtasari, ambao kwa kawaida ni sentensi moja au mbili, ukiwa umeshika karatasi yako. Vinavyolingana nayo viorodheshe bila kutazama majalada. Majalada yatazame mwishoni, yote kwa kikao kimoja, kama shahidi anayepangiwa watu mstarini: lako utalishtukia.

Pana mitego miwili. Wa kwanza ni mkusanyiko. Hadithi fupi iliyomo ndani ya kitabu chenye hadithi kumi na mbili mara nyingi haionekani katika katalogi kwa jina lake, labda mkutubi awe aliandika yaliyomo. Ikiwa unakumbuka kwamba baada ya ile nyumba ilifuata hadithi nyingine isiyohusiana nayo, acha kutafuta jina la hadithi, utafute mikusanyiko. Mtego wa pili ni tafsiri. Wachapishaji hubadilisha majina ya vitabu vya watoto wakivitafsiri, tena bila haya, na jina jipya linaweza lisifanane kabisa na la asili. Ukipata dalili yoyote ya mfasiri, tafuta kwa jina lake. Jina la asili kwa kawaida huandikwa nyuma ya ukurasa wa jina.

Ukifika kwa mkutubi wa vitabu vya watoto, usimsimulie hadithi nzima; mpe karatasi. Na ukiiuliza programu ya akili bandia, chukulia kila jina inalokupa kuwa uvumi mpaka ulikute kwenye katalogi likiwa na mchapishaji na mwaka. Programu hizi hutunga majina ya vitabu yanayosikika ya kweli kabisa, na mtafutaji mwenye hamu ndiye mtu rahisi kuliko wote kudanganywa.

Jina ninalo, lakini majalada ni sita

*Nimekipata kitabu changu kwa jina, ila wauzaji wanaonyesha majalada sita tofauti na wote wanadai ni kitabu kilekile. Je, nichukue chochote?*

Kama unataka maneno tu, chukua chochote. Kama unataka kile kilichokutisha, hapana. Katika vitabu hivi mchoraji ana nusu ya kazi, na wachapishaji hubadilisha wachoraji. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani: *Scary Stories to Tell in the Dark* cha Alvin Schwartz kilitoka mwaka 1981 kikiwa na michoro ya Stephen Gammell, yenye nyuso zinazoyeyuka na mistari ya wino kama nywele zilizolowa. Chama cha Maktaba cha Marekani kilikitaja, pamoja na vitabu vilivyokifuata, kuwa vilivyoongoza kwa kulalamikiwa maktabani katika miaka ya 1990. Takriban miaka thelathini baada ya kutoka, mchapishaji akatoa matoleo yenye michoro mipya ya Brett Helquist, iliyopoa zaidi. Wasomaji wa zamani walipoyafungua walikuta hadithi zilezile na hofu imeondoka. Michoro ya Gammell ilirudishwa mwaka 2017. Mtu akinunua kwa jina tu, ataletewa chochote kilichopo ghalani.

Usitegemee ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu, peke yake. Inatenganisha jalada gumu na laini, mchapishaji mmoja na mwingine, lakini kitabu kikichapwa upya kwa jalada jipya mara nyingi nambari hubaki ileile. Kitabu cha kabla ya 2007 kina nambari ya tarakimu kumi, na mfumo wa muuzaji unaweza kutambua kumi na tatu tu. Kuigeuza ni kazi ya dakika moja. Tuchukue 0-306-40615-2. Tupa tarakimu ya mwisho, weka 978 mbele, upate 978030640615. Sasa zidisha tarakimu kwa zamu kwa 1 na 3, kuanzia kushoto, ujumlishe: jumla ni 93. Hesabu kinachopungua kufika kumi kamili inayofuata, yaani 100: ni 7. Nambari mpya ni 978-0-306-40615-7. Tarakimu ya mwisho ya zamani ikiwa X usishangae, maana ilisimama badala ya 10. Kitabu cha Uingereza cha mwishoni mwa miaka ya 1960 kinaweza kuwa na tarakimu tisa tu. Hapo tanguliza sifuri kwanza.

Kinachoamua ni ukurasa wa nyuma ya jina. Huko kuna mwaka wa haki (hakimiliki), jina la mchoraji mara nyingi, na kwa wachapishaji wengi msururu wa namba kama "10 9 8 7 6 5 4 3 2 1". Namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika: ukikuta msururu unaishia 5, hiyo ni chapa ya tano. Wengine huzipanga zigizaga, 1 3 5 7 9 kisha 10 8 6 4 2, lakini kanuni haibadiliki. Usichanganye mwaka wa haki na mwaka wa kuchapwa. Kitabu chenye haki ya 1981 kinaweza kuwa kimetoka mtamboni miaka ishirini baadaye.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji picha tano za nakala yenyewe: jalada, mgongo, ukurasa wa nyuma ya jina, ule mchoro unaoukumbuka, na ukurasa ulioharibika kuliko zote. Picha ya tangazo mara nyingi imevutwa kutoka katalogi, haikupigwa kwenye kitabu atakachokutumia. Ujue pia lugha ya biashara hii: nakala inayoitwa "nzuri" kwa wauza vitabu vya zamani ni iliyochakaa lakini haijapungua kurasa. Nakala iliyotoka maktaba itakuwa na mihuri, stika mgongoni na mfuko wa kadi uliogandishwa ndani. Kwa kusoma haina ubaya wowote, na kwa maoni yetu ndiyo inayofanana zaidi na ile uliyoshika utotoni.

Kwa vitabu vya zamani sana, ambavyo haki yake imekwisha, jihadhari na chapa zinazotolewa moja moja kwa oda kutoka skani. Nyingi hazina michoro, au zina michoro iliyogeuka madoa meusi.

Hakinitishi tena

*Nimekingoja kwa miezi, kimefika, nimekimaliza kwa saa moja. Hakikunitisha hata kidogo. Nimekosea wapi?*

Hiyo saa moja. Mtu mzima husoma kimya zaidi ya maneno 200 kwa dakika. Mtoto wa miaka minane yuko yapata nusu ya hapo. Mwandishi wa kitabu cha watoto hupanga ukurasa kama mlango: sentensi ya mwisho inasimamisha mkono kwenye kitasa, na kinachotisha kiko upande wa pili. Mtoto husimama hapo kwa muda. Wewe jicho lako limekwishaona mchoro wa ukurasa wa kulia kabla hujamaliza wa kushoto.

Kisome kwa sauti, hata kama uko peke yako. Ukurasa wa kulia ufunike kwa karatasi. Sura moja kwa usiku, na usiku wa pili usirudie ya kwanza ili kujikumbusha. Sauti hukurudisha kwenye mwendo wa mtoto bila wewe kujilazimisha.

Kuna jambo lingine ambalo huenda umelipita kwa haraka. Mtoto hukiogopa kilicho kabatini. Mtu mzima akisoma polepole hugundua kwamba wazazi wa kitabuni wapo chumba cha pili, wanaambiwa, na hawasikii. Itazame sura ambamo mtoto anasema na mzazi anajibu "lala". Tungeshangaa kama hiyo nayo isingekutisha.

Mama mzazi au wa kambo?

*Nakumbuka kabisa kwamba malkia mwovu aliyetaka Snow White auawe alikuwa mama yake mzazi. Kila kitabu ninachofungua kinasema wa kambo. Ni akili yangu?*

Huenda ni akili, huenda si akili. Katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, la mwaka 1812, malkia alikuwa mama mzazi. Katika toleo la pili, la 1819, mama mzazi anafariki na anakuja wa kambo. Vitabu vingi vya watoto hufuata toleo lao la mwisho, la 1857. Kama uliyoisoma ilitokana na maandishi ya 1812, kumbukumbu yako iko sawa. Fungua dibaji au ukurasa wa nyuma ya jina utafute mwaka wa toleo la Kijerumani lililotumika. Ikiwa haukutajwa, linganisha ukurasa wa kwanza: kama malkia anayetamani mtoto mweupe kama theluji hafi, umekishika chenyewe.

Kina harufu, kina vumbi, na ukurasa umetoka

*Nakala yangu ya utotoni imepatikana kwenye sanduku. Inanuka ukungu, kuna vitundu vidogo pembeni, na ukurasa mmoja umeachia. Nimeambiwa niianike juani. Ni sawa?*

Usianike. Dakika chache za jua hazitaua ukungu uliojificha ndani, na jua la kutosha kuukausha litafifisha jalada na kuifanya karatasi ikatike. Karatasi za vitabu vya bei rahisi zina lignini (dutu ya asili ya mti) na asidi, ndiyo sababu zimekuwa za manjano. Mwanga huharakisha uharibifu huohuo.

Pima kwanza. Gusa doa kwa ncha ya brashi laini. Likipakaa na kuacha utelezi, ukungu uko hai: tenga kitabu na vingine vyote, kisimamishe kikiwa kimefunguliwa kama feni ya mkono, mahali pakavu penye hewa inayotembea, feni ya umeme isikielekee moja kwa moja. Likitoka kama unga mkavu, ukungu umelala. Hapo vaa barakoa inayoziba vizuri, toka nje, upepo ukivuma kutoka mgongoni kwako, na piga brashi kutoka mgongo wa kitabu kuelekea nje, ukurasa kwa ukurasa. Watu hukosea kwa kufuta kwa kitambaa chenye maji: unausugulia ukungu ndani ya karatasi na kuunywesha. Vidoa vya kahawia vilivyotawanyika kama madoadoa ya ngozi, visivyo na unga, viache. Havitoki kwa brashi na havizuii kusoma.

Vitundu vyenye unga mpya chini yake vina mdudu. Weka kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba kwa tepu, uweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya karatasi baridi na unaanza upya na ukungu. Friza inaua wadudu. Ukungu inausimamisha tu, haiuui.

Harufu huondoka polepole. Chukua sanduku lenye kifuniko, weka bakuli wazi la soda ya kuokea chini, kitabu juu ya kitu kilichoinuka kisiguse soda, funga, na angalia kila baada ya siku tatu. Wiki mbili ni kawaida. Usinyunyize unga kati ya kurasa, hautatoka wote. Baada ya hapo kihifadhi mahali ambapo unyevu wa hewa haufiki asilimia 60. Kipimo kidogo cha unyevu kinatosha kukuonyesha.

Ukurasa ulioachia usiuguse kwa selotepu. Gundi yake hugeuka ya kahawia, inapenya karatasi, kisha plastiki yenyewe inabanduka na kuacha doa lisilotoka. Pika gundi ya wanga wa ngano: wanga kipimo kimoja, maji vipimo vinne, moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30 mpaka iwe nzito na kama kioo. Ipoze, ichuje, uipunguze kwa maji kidogo. Paka mstari wa milimita 3 tu kwenye ukingo wa ndani wa ukurasa, uusukume mpaka ukae sawa na wenzake, weka karatasi ya nta pande zote mbili, funga, weka uzito, uache usiku kucha. Ukipaka mstari mpana, ukurasa unaofuata utavutwa na kukunjika kila ukifungua. Gundi nyeupe ya PVA hushika haraka zaidi, lakini haifunguki tena ukikosea, nasi hatuipendekezi kwa kitabu unachokipenda.

Mjukuu wangu ana miaka sita

*Shikamooni. Je, naweza kumsomea mjukuu wangu wa miaka sita kitabu kilichomtisha mama yake akiwa na miaka kumi?*

Marahaba, bibi. Umri wa mama yake haukusaidii sana, kwa sababu hofu hubadilika sura. Utafiti wa Joanne Cantor na wenzake huko Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo, hadi miaka saba hivi, huogopa zaidi kinachoonekana kibaya hata kama hakidhuru, na wakubwa huogopa kinachoweza kutokea kweli. Kwa mjukuu, basi, mchoro ndio hatari kuliko maneno. Pitia michoro peke yako kwanza. Ukikuta mmoja unaojaza ukurasa mzima na una uso, msomee mchana, umwonyeshe mchoro huo kabla ya kuufikia, tena kitabu akishike yeye ili aweze kukifunga. Usimwambie "si kweli" na kuishia hapo. Katika umri huo maneno hayo hayafanyi kazi kubwa. Kukishika kitabu, kukifunga na kukiweka mahali anapopachagua yeye kunasaidia zaidi.

Na usikate katikati ya sura kwa sababu ameogopa. Ukikata hapo, anabaki na mkono kwenye kitasa usiku kucha. Ruka mchoro, fupisha, lakini fika pale mlango unapofungwa.

Ukurasa wa 47 haupo

*Nakala niliyonunua imekosa karatasi moja. Muuzaji hatarudisha fedha. Inawezekana kuijaza?*

Inawezekana, ukipata nakala ya chapa ileile maktabani. Hakikisha neno la mwisho la ukurasa wa 46 na la kwanza la 49 yanafanana na yako. Chapa nyingine huhamisha mistari. Skani pande zote mbili kwa nukta 300 kwa inchi, chapa kwenye karatasi isiyo na asidi yenye rangi ya maziwa badala ya nyeupe kabisa, kata pungufu kwa milimita 2 pembeni ili isichomoze, kisha igandishe kwa ule mstari wa milimita 3 tuliotaja juu. Ukurasa mmoja kwa nakala yako binafsi kwa kawaida hauleti shida, ila muulize mkutubi kwanza sheria inayowahusu.

Kama ulipanga kuutoa kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive na sasa unakuta kitabu hakiazimiki, huenda sababu ni kesi ya wachapishaji waliyoshinda mwaka 2023 na kuthibitishiwa kwenye rufaa mwaka 2024. Zaidi ya vitabu laki tano viliondolewa kwenye kuazimwa. Maelezo ya kitabu mara nyingi bado yapo, pamoja na idadi ya kurasa, nayo yanatosha kukujulisha kama ni ukurasa mmoja tu uliokosekana au kuna mwingine mwishoni ambao bado hujaugundua.